Nusu ya Kaizari Aliyoifundisha Mwalimu Zenon

Apitaye Msanzi mwezi wa Julai, wakati upepo wa nyanda za juu umekwisha kukausha kila jani na moshi wa mbuga zinazoungua umetanda upande wa Ziwa Rukwa, huyaona mashamba yaliyojaa matuta ya duara, safu nyuma ya safu, hadi macho yachoke. Kwa Kifipa matuta hayo huitwa intumba. Mvua zinapoelekea kwisha, mkulima hukata nyasi na magugu, huyakusanya mafungu mafungu, huyafunika kwa udongo wa jembe na kuyaacha yaoze humo ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikikaribia, huyabomoa na kuyasambaza, kisha hupanda ulezi au mahindi juu ya udongo ulioiva. Hivyo ndivyo Wafipa walivyoilisha ardhi yao tangu kabla ya mbolea ya dukani. Mwalimu Zenon Sebastiani, aliyezaliwa katika mashamba hayo na kulimishwa humo na baba yake, aliyaona matuta kuwa mahema ya jeshi lililopiga kambi likingoja amri.

Alikuwa mtoto wa wakulima Wakatoliki, watu wa rozari na jembe. Mapadre walimpeleka seminari, wakamtia Kilatini na historia. Wito wa upadre haukumshika, historia ikamshika. Akarudi, akamwoa Otilia, akapata kazi ya ualimu katika shule moja ya sekondari njia ya Mwimbi, na huko alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepiga mwanafunzi, aliyevua kofia mbele ya kila mwanamke mzee. Na mtu huyu mpole alikuwa na pendo moja la ajabu: kampeni za Napoleoni Bonaparte, Kaizari wa Wafaransa.

Muhtasari wa wizara ulimpa Kaizari nafasi finyu. Mwalimu Zenon alimpa shamba zima la shule. Saa za kazi za mikono, wanafunzi wakiwa na majembe, alisimama juu ya kichuguu na kuyagawa matuta: hili ni milima ya Alpi, ule mfereji ni mto Danubi, pale penye mikaratusi ni Vienna. Mwezi wa Machi, matuta yalipokuwa yakiinuliwa, Kaizari alikuwa bado kijana wa kisiwani, afisa mdogo wa mizinga aliyechekwa kwa lafudhi yake. Kufikia Juni alikuwa amekwisha kuiteka Italia, ameshuka Misri na kurudi, amevuka Alpi juu ya nyumbu huku askari wake wakiiburura mizinga ndani ya magogo yaliyochongwa. Agosti alijivika taji kwa mikono yake mwenyewe, Baba Mtakatifu akiwa ameketi pembeni kama shahidi. Na Septemba, matuta yakiwa makavu na vumbi likiruka, ilifika siku ambayo shule nzima iliingojea, siku ya vita vya Austerlitz.

"Nani amesimama juu ya kilima?" Mwalimu aliuliza.

"Warusi na Waaustria, Mwalimu!"

"Na Kaizari?"

"Bondeni, Mwalimu! Kwenye ukungu!"

"Anafanya nini bondeni? Amelala?"

"Anajifanya mnyonge!"

"Hata mimi hapa najifanya mnyonge, Mwalimu," alisema siku moja kijana aitwaye Modesti, ameegemea mpini. "Jembe limenizidi."

"Wewe, Modesti, hujifanyi. Wewe ni mnyonge wa kuzaliwa. Lima."

Wakacheka, wakalima, na ukungu ukafunguka, jua likatoka juu ya kilima, majeshi ya wafalme wawili yakakatwa katikati kama mkate. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Prussia ilianguka ndani ya wiki chache. Kaizari aliingia Berlin. Ndugu zake aliwafanya wafalme, mmoja huku, mwingine kule, kama mtu anayegawa mbuzi wa mahari. Novemba ilipofika, alikutana na mfalme wa Urusi juu ya chelezo kilichotiwa nanga katikati ya mto Niemen, na hapo wawili hao wakaligawana bara zima, huku majeshi yao yakishangilia kutoka kila ukingo.

Kisha mvua zilifika. Matuta yakabomolewa, ulezi ukapandwa, shule ikafungwa. Januari walikuja wanafunzi wengine, na Kaizari akazaliwa upya kisiwani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, na hakuna aliyeona kasoro. Katika masimulizi ya Milanzi, kijiji cha wafalme wa kale, ufalme wa Ufipa ulibadili mikono bila mkuki: wageni walifika mwenye nyumba akiwa mawindoni, wakakikalia kiti chake, na mambo yakaishia hapo. Watoto waliolelewa kwa historia ya namna hiyo waliupokea moshi wa mizinga kwa masikio mapya. Walikua, wakawa madiwani, wanunuzi wa mahindi pale Laela, makatibu wa vyama vya ushirika, na kila mmoja wao alikuwa na Kaizari moyoni, lakini Kaizari aliyesimama milele juu ya chelezo, amevaa vizuri. Yunusu, mfanyabiashara wa mjini Sumbawanga aliyepitia mikononi mwa Mwalimu, alipopata basi lake la kwanza aliliandika ubavuni kwa herufi kubwa: OSTALITZI. Wayunani wa kale walikuwa na neno kwa majivuno yapitayo kipimo, na waliliogopa neno hilo kuliko tauni. Mwalimu Zenon alilijua. Lakini somo la neno hilo lilikuwa upande wa pili wa mvua, katika nusu ambayo hakuifundisha.

Mjukuu wake Abel alilelewa ndani ya masimulizi hayo. Wazazi wake walifariki angali mdogo, naye akakulia nyumbani kwa Zenon na Otilia, akimfuata babu yake shambani na kopo la maziwa lililotobolewa, akipiga ngoma mbele ya vikosi vya udongo. Alikuwa kijana mwerevu, mwepesi wa mzaha, asiyeweza kukaa. Alisomea ufundi wa umeme Mbeya, akarudi na cheti, akazunguka nacho ofisi za Sumbawanga hadi viatu vikaisha. Mwishowe akaendesha bodaboda ya mtu, akilala chumba kimoja na vijana wenzake watatu nyuma ya stendi.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Novemba, alifika Msanzi bila taarifa. Mawingu yalikuwa yamekaa siku kadhaa bila kunyesha, na mwewe walikuwa wakizunguka juu ya mbuga zilizoungua, wakitafuta panya waliokosa pa kujificha. Otilia alikuwa uani akipepeta mbegu za ulezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu geuka nikuone. Umekonda hivi, huyo mke wa mjini hakupikii?"

"Mke wangu ni wewe, Bibi. Wa mjini ni wa kupita."

"Mwongo kama babu yako. Ingia."

Babu yake alitoka chumbani, akaamkiwa, akaitikia, na wote watatu wakaketi. Abel hakungoja chai. Alisema amepata kazi ya nje, Ulaya ya mashariki. Alikuwa amekuja wakala mmoja mjini, mtu wa kuja aitwaye Ngeleja, aliyekuwa akikusanya vijana wa kwenda kulinda maghala. Pasi ya kusafiria ilikuwa tayari, tiketi ilikuwa tayari. Basi la Dar es Salaam lingeondoka keshokutwa alfajiri.

"Hivi hivi?" Otilia aliuliza. "Hata kuku hatujachinja?"

Lakini Mwalimu Zenon uso ulikuwa umemng'aa. Alimshika kijana bega. "Utaiona mito yenyewe, Abel! Mimi nimeichora kwa jembe maisha yangu yote, wewe utaiona kwa macho!"

"Ndiyo nilijua utafurahi, Babu. Wenzangu babu zao wamelia."

"Na baridi ya huko?" Otilia aliuliza.

Abel alicheka. "Bibi, baridi ndiyo iliyotupa kazi. Wakala amesema ndiyo maana amepanda hadi huku. Vijana wa Ufipa tumezaliwa kwenye baridi. Amesema akichukua wa Dar, watamfia njiani."

Otilia aliacha kupepeta. "Mlinzi wa ghala anafiaje njiani?"

"Ni maneno tu, Bibi. Namna ya kusema."

"Nimeuliza."

"Mama Adriano, mwache kijana aeleze," alisema Zenon, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao marehemu. "Mji gani, Abel? Tuutafute."

"Smolensk, Babu. Kuna maghala makubwa huko."

Mwalimu hakuinuka kuitafuta ramani. Mkono uliokuwa begani mwa mjukuu ulibaki hapo, lakini ukawa mzito. Smolensk uko kwenye njia ya kwenda Moscow. Katika mwaka wa 1812 mji huo uliteketea Kaizari alipokuwa akipita kwenda, na alipokuwa akirudi, askari wake waliokuwa wakifa kwa njaa walijikokota siku nyingi ndani ya theluji kwa sababu ya neno moja lililopita mdomo kwa mdomo, kwamba Smolensk kuna maghala. Walioyafikia kwanza waliyapora. Waliokuja nyuma walikuta milango tu.

"Hao nao waliambiwa kuna maghala," alisema polepole.

"Akina nani, Babu?"

Asubuhi alimchukua shambani. Otilia alikuwa amekwisha kutangulia na jembe, kwa maana mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vilele vya mikaratusi, na mwenye matuta asiyeyabomoa kwa wakati hupanda ulezi wake juu ya aibu. Zenon alimpa Abel jembe, akajichukulia jingine, akasimama kwenye mfereji uliolitenga shamba lao na la jirani.

"Huu ndio Niemen," alisema. "Safari hii hakuna chelezo. Miaka mitano imepita, wale wafalme wawili wamegombana. Kaizari analeta watu zaidi ya laki sita. Wafaransa, Wapolandi, Wajerumani, Waitalia, kila taifa alilolishinda limetoa vijana wake. Wengi wao hata hawajui wanakwenda kupigania nini."

"Laki sita!" Abel alipiga mluzi. "Hao ni mkoa mzima, Babu."

"Usiku wa kuamkia kuvuka, Kaizari alikuwa akikagua ukingo juu ya farasi. Sungura akapita katikati ya miguu ya farasi. Farasi akashtuka, Kaizari akaanguka chini. Majemadari wakatazamana. Mmoja akasema, Mrumi wa kale angerudi nyumbani."

"Sungura! Hii hukutusimulia hata siku moja."

"Mvua zilikuwa zikija."

"Mvua zilikuja kila mwaka, Babu," alisema Abel, akimtazama kwa upande, akitabasamu. "Ulikuwa unatubania."

Mwalimu aliinua jembe. Alilipiga tuta la kwanza, likapasuka. "Kila tuta tunalobomoa, lihesabu kikosi. Twende."

Wakaenda. Alimsimulia jinsi adui alivyokataa kupigana, akarudi nyuma, akarudi tena, akichoma ghala na kutia mizoga visimani. Jinsi farasi walivyokufa kwa maelfu kwa kula nafaka mbichi. Jinsi watoto wa watu walivyoanguka njiani kwa kuhara kabla ya kumwona adui hata mmoja. Matuta yalikuwa yakipasuka mbele yao, safu ikifuata safu. Katikati ya shamba alisema, "Smolensk," akapasua tuta jingine, akaendelea. Alisimulia vita vya Borodino, ambako mchana mmoja ulilaza watu wengi kuliko watu wote wa tarafa yao. Kisha wakafika mwisho wa shamba, penye nyasi zilizounguzwa na moto wa jirani, na hapo akaegemea jembe.

"Moscow. Kaizari ameshinda. Anaingia mjini, anangoja waje kumpa funguo. Hakuna anayekuja. Mji mtupu. Jioni moto unaanza."

"Hao Wafaransa wenu wananichelewesha ulezi," Otilia alipaza sauti kutoka safu yake. "Waambieni washike majembe!"

"Wanarudi sasa, Bibi!" Abel alijibu. "Turudi, Babu?"

"Turudi."

Abel aligeuka, akatazama walikotoka. "Turudi kwa wapi? Huku tumekwisha kubomoa. Hakuna kitu."

"Ndivyo. Kaizari naye alirudi kwa njia ile ile aliyokwisha kuila."

Wakatembea juu ya udongo ulionyooka, majembe begani, na Mwalimu akasema yale ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya darasa. Alisema habari za theluji iliyoanza Novemba, mwezi kama huu. Za askari walioketi kando ya moto na kukutwa wamekufa wakiutazama. Za mto Berezina, ambako daraja lilikuwa limechomwa na adui, na mafundi wa madaraja, wengi wao Waholanzi, wakaingia majini hadi kifuani katikati ya vipande vya barafu ili wajenge jingine.

"Walitoka?" Abel aliuliza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Jeshi lilivuka. Mafundi walitoka wachache, na hao wachache hawakuuona mwaka mpya."

"Na Kaizari?"

"Alipanda gari la kuteleza juu ya theluji, akajifunika manyoya, akawahi nyumbani. Jeshi akaliacha njiani. Na huyu, Abel, ndiye aliyekuwa amemfunga Baba Mtakatifu. Hilo nalo sikulifundisha."

Walikuwa wamerudi kwenye mfereji. Nyuma yao shamba lililokuwa limejaa matuta lilikuwa tambarare. Mwalimu Zenon aliliacha liseme lenyewe, na alipomtazama mjukuu wake akiwa ameinamisha kichwa, aliona kwamba somo limefika.

Abel alichuchumaa. Alichota udongo kwa mkono, akaupasua kwa dole gumba. Nyasi za Machi zilikuwa zimegeuka kuwa kitu cheusi, laini, chenye harufu ya uzima.

"Bibi!" aliita. "Umeiva mwaka huu!"

"Umeiva, mume wangu! Utakula uji mpaka usahau jina lako. Leteni mbegu!"

Kijana akainuka, akajipangusa viganja. "Babu, umesimulia vizuri, hata darasani hukusimulia hivi. Lakini tazama mwenyewe. Tuta likikaa, ni nyasi zimelala tu. Likibomolewa ndipo tunakula."

"Abel, wale walikuwa watu."

"Najua, Babu. Nimekuelewa. Lakini na mimi hapa nimekaa miaka mitatu kama tuta. Acha nibomolewe nizae kitu." Akacheka, akamgusa mzee mkono. "Halafu mimi siendi vitani. Mimi mlinzi. Nitakaa na kirungu mlangoni, ninywe chai."

Mwalimu Zenon alilitazama shamba. Alikuwa na tarehe zote, alikuwa na majina ya mito yote, lakini alikuwa amemwonyesha kifo cha jeshi kwa kitu ambacho hakuna Mfipa aliyepata kukiona kuwa kifo. Tangu babu wa babu zao, shamba lililobomolewa matuta ni shamba linalongoja mbegu. Hata yeye mwenyewe, akilitazama, moyo wake wa mkulima ulikuwa ukifurahi bila ruhusa yake. Matone ya kwanza yalianza kudondoka, mazito, na Otilia alikuwa akiwapigia kelele waje wapande.

Wakapanda.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Mwalimu alikuwa stendi ya Sumbawanga. Vijana walikuwa saba, wote wa nyanda za juu, wamevaa makoti yao ya Julai. Wakala Ngeleja alikuwa mtu wa manukato na viatu vyeupe. Aliwapitia mmoja mmoja akikusanya pasi zao za kusafiria na kuzitia mkobani, akisema atawatunzia zisipotee. Basi lilikuwa la Yunusu.

"Mwalimu!" Yunusu alimfuata mikono miwili mbele. "Shikamoo, Mwalimu. Naona jeshi lako linaondoka leo!"

"Marahaba, Yunusu. Usiseme hivyo."

"Natania, Mwalimu wangu. Nitawapeleka salama, inshallah. Hadi Dar ni juu yangu. Baada ya Dar ni juu ya Mungu."

Zenon alimwendea wakala, akavua kofia. "Samahani, baba. Hawa vijana wanakwenda kulinda nini?"

"Maghala, mzee."

"Ya nini?"

Ngeleja alitazama saa yake. "Ya vitu, mzee. Mnachelewesha gari."

Abel alipiga magoti palepale penye matope ya stendi, na babu yake akamchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mwalimu alitaka kumwambia abaki. Alikuwa amekwisha kumwambia usiku uliotangulia, mara mbili, kwa maneno matupu yasiyo na mito wala majemadari, na mara zote mbili Abel alikuwa amemjibu kwa upole, "Nibaki nifanye nini, Babu?" Basi halikungoja. Lilikunja kona kuelekea Laela na Tunduma, na herufi za ubavuni zilipita mbele ya macho ya mzee moja moja.

Simu ya kwanza iliingia majuma mawili baadaye. Abel alikuwa na furaha. Theluji, alisema, ni kama unga wa sembe uliomwagwa na mtu asiyejua bei yake. Baridi haikuwa ya Sumbawanga, hiyo alikiri. Hii ilikuwa inaingia kwenye meno. Maghala hawajayaona bado.

Simu ya pili ilikuwa fupi. Walikuwa wamepewa sare na walikuwa wakifundishwa kulenga shabaha, maana walinzi wote huko hufundishwa hivyo. Wakala hawakumwona tena tangu uwanja wa ndege. Wawili kati ya wale saba walikuwa wamepelekwa mahali pengine.

Ya tatu ilikuja mchana, Mwalimu akiwa anapalilia. Sauti ya Abel ilikuwa chini, kama ya mtu anayeongea ndani ya shuka.

"Babu. Wale mafundi wa mto ule. Mbao walizitoa wapi?"

Zenon alisimama katikati ya ulezi uliokuwa umefika kifundoni. "Kwa nini unauliza, mwanangu?"

"Wewe niambie tu."

"Walibomoa nyumba za kijiji kilichokuwa karibu. Wakachukua boriti zake."

Upande wa pili ulisikika mngurumo wa kitu kizito kikipita.

"Sawa," alisema Abel. "Na sisi leo tumebomoa nyumba."

"Abel, mko wapi? Abel! Usiingie majini. Unanisikia? Wakikupanga kwenye maji, ugua. Anguka. Abel!"

Simu ilikuwa imekatika. Alipiga, akapiga tena, akaambiwa na sauti ya mwanamke asiyemjua kwamba namba haipatikani. Tangu siku hiyo imeendelea kuwa hivyo. Yunusu aliwauliza watu wa Dar es Salaam, akaambiwa hakuna anayemfahamu mtu wa jina la Ngeleja. Wazazi wa vijana wengine walikuwa wakifika Msanzi mmoja mmoja, wakiketi uani kwa Mwalimu kana kwamba yeye, aliyeijua nchi ile, angewaambia kitu. Otilia aliwapa uji. Mwalimu aliwasikiliza. Alikuwa anajua laki sita walivuka, na alikuwa anajua ni wangapi waliorudi, na hakuna aliyemuuliza hesabu hiyo, naye hakuitaja.

Kabla ya Kwaresima Zenon na Otilia walikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa, jina la kuombewa Jumapili. Aliyekuwa akipokea nia siku hiyo ni katekista Monika, mwanamke mtulivu ambaye naye, miaka mingi nyuma, alipata kusimama juu ya kilima cha Austerlitz na jembe mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina."

"Ni kwa ajili ya Abel?"

"Ni kwa ajili ya Abel," alisema Zenon.

Monika alishika kalamu. Alisita, akainama zaidi kuliko ilivyolazimu. "Naomba mniwie radhi. Niweke kwa walio hai au kwa marehemu?"

Mwalimu Zenon alimgeukia mkewe.

"Aliye hai," Otilia alisema. "Kwani wewe umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama. Ni utaratibu tu."

"Basi weka hai. Weka kwa wasafiri."

Jumapili padre aliwaombea wagonjwa, kisha wasafiri, na kati ya wasafiri akamtaja Abel wa Msanzi. Otilia aliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa sauti iliyowafanya watu wa viti vya mbele wageuke. Mumewe alikuwa bado ameinamisha kichwa padre alipoanza kuwataja marehemu, naye akasikiliza jina moja moja, hadi la mwisho.